Siku Chumba cha Baridi Kilipozimika

Mpumudde, Jinja
Jumanne, tarehe 14 Oktoba

Kwa Baba yangu mpendwa, Mzee Enos Nyongesa,
Malukhu, Mbale.

Baba, nakusalimu kwa heshima nyingi, na kupitia kwako namsalimu Mama Roselyn. Mgongo umetulia tangu ulipoacha safari za Malaba? Mama aliniambia kwamba bado unaamka alfajiri kwenda kuangalia kama lori limefungwa vizuri, na lori lenyewe ulishaliuza mwezi wa Juni. Naomba umtii daktari, angalau mpaka Krismasi. Na mvua ya mlima Wanale je? Huku tunasikia imeteremsha mawe mpaka barabarani. Maharagwe ya Mama yamepona, au yamelala yote? Mimi ni mzima, mwili hauna neno, isipokuwa kidole gumba kilichoungua kwa mafuta, nacho kimeshapona na kuniachia alama ndogo kama punje ya mchele.

Najua utajiuliza kwa nini naandika barua wakati simu ninayo mkononi. Nimekupigia mara tatu tangu wiki iliyopita, Baba. Kila nilipotaka kuanza jambo lenyewe, wewe ulikuwa umeshampa jirani simu anisalimie. Barua haikatizwi. Nimemkabidhi Twaibah, mwenzangu wa kaunta, anayekuja kumwona dada yake huko Namatala, naye ameahidi kukupa mkononi mwako na si kwa mtu mwingine. Tafadhali uisome yote kabla ya kusema neno.

Najua masomo yangu hukuwahi kuyaelewa sawasawa, wala sikulaumu. Chuo chetu kinatoa shahada ya usimamizi wa migahawa, lakini hakikuweki darasani miaka mitatu ukikariri. Wiki moja tunasoma, wiki tatu tuko kazini, na kazi yenyewe inatiwa alama kama mtihani. Anayesoma hivyo anaitwa mwanagenzi. Wewe ulipokuwa utingo kabla hujashika usukani ulikuwa mwanagenzi pia, ila hakuna aliyekuvisha joho.

Mgahawa wenyewe uko Barabara Kuu hapa Jinja. Tunauza kuku wa kukaanga na chipsi, na mteja anapaswa kupata chakula chake ndani ya dakika nne tangu aagize. Dakika nne, Baba! Siku ya kwanza waliniweka karibu na sinki, nikasimama na kitambaa mkononi, mdomo wazi. Ilikuwa Jumamosi. Foleni ilikuwa imetoka nje ya mlango: wafanyakazi wa kiwanda cha sukari, Wahindi na watoto wao, watalii waliotoka mtoni na nywele bado zinadondosha maji, vijana wa bodaboda wenye kofia zao kwapani. Na ndani, watu saba tu. Kikaangio kinapiga filimbi, mashine ya chipsi inalia, oda zinatokea kwenye kioo moja juu ya nyingine, na hakuna anayekimbia. Mmoja ananyanyua kikapu, mwingine ameshatandaza karatasi, wa tatu ameshika chumvi, na mikono inapishana bila kugusana. Nilikuwa nimekulia kwenye jiko la Mama ambako mtu mmoja hufanya yote. Sikujua kwamba watu saba wanaweza kuwa mtu mmoja namna ile. Jioni nilirudi chumbani nikakaa kitandani na sare yangu bado mwilini, nikiwaza tu.

Meneja wetu anaitwa Madamu Proscovia. Ni mwanamke mfupi, mtu wa Teso, aliyeanza kazi hapa akiosha sahani. Anaweza kusimama kaunta akiongea na mteja, jiko liko mgongoni kwake, na bila kugeuka akasema kikapu cha tatu kimepitiliza. Na kweli kimepitiliza. Jikoni wananiita Afande, kwa sababu kwa Wasoga wa hapa, waliozoea kukisikia Kiswahili kwa askari, mtu anayekiongea kutwa nzima lazima awe na bunduki mahali fulani. Mwanzoni niliudhika. Nikawaeleza kwamba kwetu baba ni Mbukusu na mama ni Mjaluo, na Kiswahili ndicho kilichotuweka meza moja. Wakacheka na kuendelea kuniita Afande.

Lakini mtu aliyenishangaza kuliko wote ni Gidudu.

Gidudu ni mtu wetu wa Mbale, Mgisu wa huko Wanale. Ana miaka kama thelathini na mitano, na ndiye mkuu wa vikaangio. Ni kiziwi tangu utotoni kwa sababu ya homa. Nilipoambiwa hivyo nilifikiri wananitania, maana niliona kila chombo mle jikoni kinaongea kwa mlio. Itakuwaje mtu asiyesikia asimamie mahali ambapo kila kitu kinapiga kelele? Nikawa namwangalia. Huweka viganja kwenye ukingo wa meza ya chuma, na kupitia hapo anajua mashine gani inafanya kazi na ipi imechoka. Mtu akiingia mlango wa nyuma, anajua kwa nyayo zake sakafuni. Mafuta akiyatazama anajua joto lake kwa jinsi yanavyotetemeka, na mara mbili nilimwona akikataa kipimajoto, na mara mbili kipimajoto kikapatikana kibovu. Twaibah alijifunza lugha ya ishara kwake, nami nikaanza kujifunza kidogokidogo, jina la chombo hiki leo, la kile kesho. Ni mcheshi ajabu. Ana ishara moja ya kumwigiza mteja anayehesabu vipande vyake vya chipsi ambayo hunifanya nikae chini.

Basi, mwanzoni mwa mwezi huu Madamu Proscovia alinifanya kiongozi wa zamu ya asubuhi kwa mara ya kwanza. Jina langu liliandikwa ubaoni kwa kalamu nyekundu. Siku yenyewe haikuwa ya kawaida. Ilikuwa Jumamosi ya tarehe nne, na shule moja ya msingi kule Walukuba ilikuwa na siku ya michezo, wameagiza pakiti mia nne za kuku kwa watoto, zifike saa saba mchana. Vipande vyote vilikuwa vimetiwa viungo tangu Ijumaa na kupangwa katika chumba cha baridi.

Chumba hicho, Baba, ni kama boksi la lori lako likiwa limesimamishwa ndani ya nyumba, lenye mlango mnene na mashine yake ukutani. Mlangoni hutundikwa karatasi. Kila baada ya muda uliopangwa, kiongozi wa zamu hufungua mlango, husoma kipimajoto kilichomo ndani, huandika namba, na kutia sahihi. Namba, yaani nyuzi za joto, inapaswa kuwa tatu au karibu na hapo. Ikipanda juu ya tano kuna tatizo. Hiyo ndiyo sheria ya kwanza tuliyofundishwa chuoni, kabla hata ya kufundishwa kusalimia wateja.

Saa nne na nusu Gidudu alikwenda kuleta trei za kwanza. Nilikuwa kaunta na Twaibah. Nilimwona akirudi bila trei, anatembea haraka, na mtu yule hana kawaida ya kutembea haraka. Alimshika Madamu Proscovia mkono na kumvuta. Tukawafuata. Aliweka kiganja chake juu ya ukuta wa chumba cha baridi, kisha akakichukua kiganja cha Madamu akakiweka pale pale. Halafu akajigusa kifuani, akapigapiga kama moyo, akaacha mkono utulie. Mashine ilikuwa imekufa. Sisi wenye masikio tulikuwa tumezungukwa na filimbi na vingurumo, hakuna aliyetambua kwamba ngurumo moja imepungua. Yeye peke yake ndiye aliyeihisi, kwa ngozi.

Wakaidunga nyama kipimajoto cha sindano. Kumi na moja.

Hapo ndipo ilipohitajika ile karatasi. Kanuni inasema kuku mbichi akipanda joto kwa muda usiozidi dakika mia na ishirini, unaweza kumkaanga mara moja. Ukizidi hapo, humpiki, humrudishi kwenye baridi, unamtupa. Kwa hiyo swali lilikuwa moja tu: mashine imekufa saa ngapi? Madamu Proscovia akaisoma karatasi kwa kidole. Saa kumi na mbili asubuhi, tatu. Saa mbili, tatu. Saa nne, tatu. Akashusha pumzi. Akasema tuna bahati, imezimika sasa hivi tu, wakati haujatupita, vikaangio vyote viwashwe na kila mtu mahali pake.

Gidudu akatikisa kichwa. Akatuonyesha bomba. Barafu iliyokuwa imelizunguka ilikuwa imeyeyuka, na maji yake yalikuwa yameshatiririka na kukauka sakafuni, yakaacha alama nyeupe. Akaonyesha kwa mikono, na Twaibah akatafsiri, kwamba maji hayakauki kwa nusu saa, kwamba mashine hii imekufa tangu asubuhi.

Madamu akamwuliza kama ni yeye aliyeacha mlango wazi. Akakana. Madamu akaonyesha karatasi. Maneno yake, akininyooshea kidole, nayakumbuka kama yalivyotoka: “Karatasi inasema tatu saa nne. Nangila ndiye amepima, na Nangila hakosei.”

Baba, zile tatu mbili za mwisho niliziandika bila kufungua mlango.

Ile ya saa kumi na mbili ilikuwa ya kweli. Nilifungua, nikaona tatu, nikaandika tatu. Saa mbili nilipita pale mbiombio nikielekea kaunta ambako nilitaka watu waone beji yangu ya kiongozi wa zamu kifuani, nikaandika tatu nikiwa nimesimama kwa mguu mmoja. Saa nne hali kadhalika. Hakuna aliyenilazimisha, wala siwezi kukuambia kwamba kazi ilinizidi. Kwa miezi mitano, nikitumwa na viongozi wa zamu, kila nilipofungua mlango ule niliikuta tatu, mpaka nikaiona tatu kama kitu kinachokaa mle ndani peke yake, kitu nisichohitaji tena kukitazama.

Na ningependa kukuambia kwamba nilisema ukweli papo hapo. Sikusema. Nilisimama pale, nikasikia nikisifiwa kwa kutokosea. Vikaangio vikawashwa. Trei za kwanza zikatolewa. Nikajiambia kwamba huenda kweli imezimika sasa hivi, na moto wa mafuta huua kila kitu, ilhali chuoni nilikuwa nimeambiwa wazi kwamba kuna sumu ambazo mafuta hayaziui. Nilijua. Kikapu cha kwanza kikaingia kwenye mafuta, na mimi ndiye niliyekuwa nimeshika orodha ya pakiti za watoto.

Aliyenivunja ni Gidudu. Alikataa kukaanga. Alisogea mbele ya vikaangio akakunja mikono kifuani, akasimama. Madamu Proscovia alimwamuru apishe. Akasimama. Simu ya shule ilikuwa imeita mara ya pili, na Madamu akamwambia kwa ishara chache anazozijua kwamba asipofanya kazi aende nyumbani na asirudi. Gidudu akamtazama. Kisha akapeleka mikono nyuma ya mgongo na kuanza kufungua fundo la aproni yake, taratibu, bila hasira, kama mtu anayevua koti akifika kwake. Ana watoto watatu, Baba. Angeacha kazi ya miaka tisa kwa sababu ya watoto mia nne asiowajua, na kwa sababu kipande cha karatasi kilikuwa kinaaminiwa kuliko kiganja chake.

Nakiri kwamba si wale watoto walionifanya nifungue mdomo. Ni lile fundo. Nilipaza sauti. Nilisema saa mbili sikupima, saa nne sikupima, nimeandika uongo.

Twaibah alikuwa analia wakati akimtafsiria Gidudu. Gidudu alibaki ameshika kamba za aproni.

Madamu Proscovia hakunipigia kelele. Laiti angepiga. Alienda akanyanyua kile kikapu kutoka kwenye mafuta, akakitundika. Akazima kikaangio cha kwanza. Cha pili. Cha tatu. Akazima mashine ya chipsi na kile kioo cha oda. Sikuwahi kulisikia jiko lile likiwa kimya. Hata wateja mbele wakageuza shingo. Akatoka akasimama mbele yao, mwanamke yule mfupi, akawaambia kwamba leo hatuna kuku, kuku wetu hafai kuliwa, watusamehe. Hakusingizia umeme. Hakusingizia mashine. Kisha akarudi, akamshika Gidudu mabega, akamgeuza, na akamfunga aproni yake kwa mikono yake mwenyewe. Alipomaliza akainamisha kichwa mbele yake kama tunavyoinamisha mbele ya mfiwa. Nami akaniambia neno moja, “Twende.”

Tulipanda gari la mgahawa mpaka Walukuba. Uwanjani watoto walikuwa wameketi kwenye nyasi kwa mistari, kila mstari na rangi ya bendera yake, wametoka jasho la kukimbia, na walipoona gari lenye picha ya kuku ubavuni wakashangilia mpaka vumbi likapanda. Madamu akafungua mlango wangu. Akasema mimi ndiye nitakayeongea.

Mwalimu mkuu, Bwana Herbert Odongo, ni mtu mrefu mwenye filimbi shingoni. Nilimweleza yote, nikiwa nimetazama ile filimbi kwa sababu uso wake sikuuweza. Nilimwambia nimeandika namba ambayo sikuiona, na kwamba pakiti zote mia nne za kuku zinatupwa. Akaniuliza kama kuna mtoto yeyote ameshakula. Nikasema hakuna. Akauliza tena, polepole, una hakika. Nikasema hakuna hata mmoja. Akafumba macho, akayafumbua, akasema vizuri, sasa tutafute hawa watoto wanakula nini, maana wanakimbia tangu asubuhi.

Na kilichofuata, Baba, ndicho ambacho mpaka leo nikikikumbuka mwili unanisisimka.

Madamu Proscovia alitoka nje ya geti la shule. Barabarani pale kuna kijana anaitwa Ukasha, anauza roleksi, zile chapati za mayai unazozipenda. Madamu, na suti yake na kitambulisho chake cha meneja, akasimama mbele ya jiko la mkaa la kando ya barabara akaomba msaada. Hakuagiza, aliomba. Ukasha akauliza, “Watoto ngapi?” Akaambiwa. Akacheka, akapangusa mikono, akasema, “Madamu, mimi peke yangu siwezi. Lakini ngoja mimi naita watu.” Akapiga simu. Ndani ya nusu saa wakaanza kuja, wauza roleksi wa Walukuba na Masese, wengine majiko yao wameyafunga juu ya bodaboda na mkaa bado unawaka. Majiko kumi na mawili yakapangwa mstari mmoja kando ya ua wa shule. Trei za mayai zikafika, unga ukafika, kabichi na nyanya zikafika mikononi mwa akina mama wa jirani ambao hakuna aliyewaita.

Lakini wapishi kumi na wawili wasiowahi kupika pamoja hawapiki, wanagongana. Mmoja alikosa mayai, mwingine chapati zilimrundikia, na watoto walianza kusimama. Hapo ndipo Twaibah na Gidudu waliposhuka kwenye bodaboda. Walikuwa wamefunga mgahawa wakatufuata. Gidudu alitembea kutoka mwanzo wa mstari mpaka mwisho, anatazama tu. Halafu akaanza kupanga. Akawagusa watu mabega na kuwahamisha: wewe usukume tu, wewe uchome, wewe upasue mayai, wewe ukunje. Hakuna kati yao aliyejua ishara hata moja, na hakuna aliyeuliza anasema nini. Akasimama katikati mikono juu, akawapa mwendo, na mwendo ukashika. Baba, nililiona jiko letu lote la Barabara Kuu likifanya kazi kwenye vumbi, bila mashine, bila filimbi, bila kioo. Chapati ikiruka huku, yai likimwagika kule, mkono ukipisha mkono. Mimi nilipewa kazi ya kukata kabichi. Nilikata nikiwa nimepiga magoti, machozi yananitoka, na mama mmoja akidhani ni kitunguu akanibadilishia kisu.

Saa tisa na dakika chache mtoto wa mwisho alipata chake. Niliwaona wakila kwa mstari, mafuta yanawatiririka viwikoni, wakiwa wazima. Wote wazima. Sikuweza kuondoa macho.

Ijumaa iliyopita niliitwa mbele ya Madamu Proscovia, mkubwa wa kampuni kutoka Kampala, na mwalimu wangu wa chuo. Walinisomea kosa langu nami nikakubali kila neno. Mwalimu alitaka nifukuzwe, na sheria ilimruhusu. Madamu Proscovia aliomba nisifukuzwe. Alisema yeye naye ana kosa, aliamini karatasi akamdharau mtu, na kama ni kuondoka tuondoke wawili. Waliongea muda mrefu mimi nikiwa nje kwenye benchi. Uamuzi ni huu: mwaka wangu huu wa kazi umefutwa, nitaurudia mwanzo, na sitakuwa kiongozi wa zamu mpaka nitakapofaulu upya. Nahamishiwa tawi jipya linalofunguliwa Mbale. Nitaanza na usafi na chumba cha baridi. Mkuu wa jiko la Mbale, ambaye ndiye atakayenifundisha na kunitia alama, ni Gidudu. Amepandishwa cheo, anarudi kwao.

Sasa ndiyo maana simu ilinishinda. Mama amenidokeza kwamba kanisani umesimama ukatangaza kuwa binti yako anakuja kuwa meneja wa mgahawa mpya wa Mbale, na kwamba umepeleka habari mpaka Bungoma kwa ndugu. Najua kwenye simu ulisikia tu kwamba nahamishiwa huko, furaha ikamaliza maneno yaliyobaki. Baba, siji kuwa meneja. Ukipita pale na rafiki zako utanikuta na fagio. Naomba radhi kwa aibu hii, maana umeipata bila kosa lako. Sikuombi unifichie. Jumapili nitakuja kanisani, nitasimama pale ulipokuwa umesimama, na nitasema mwenyewe, kama nilivyosema Walukuba. Naomba tu ukae mahali ambapo nitakuona.

Kuna jambo moja la mwisho. Viziwi hawamwiti mtu kwa kutaja herufi za jina lake kila mara. Humpa jina la ishara, moja tu, kutokana na kitu walichokiona kwake, na mtu hawezi kujichagulia. Jina la Madamu Proscovia ni kiganja kinachopiga meza mara mbili. La Twaibah ni vishimo vya mashavuni. Mimi kwa miezi yote sikuwa na jina, Gidudu alikuwa ananinyooshea kidole tu. Jana tulipokuwa tunafunga mizigo ya Mbale aliniita kwa kugonga sakafu kwa mguu. Nilipogeuka, akaweka ncha ya kidole midomoni, akakipeleka mbele, na kiganja kikafunguka chote, kama mtu anayemwachia ndege. Akanielekezea mimi. Akarudia. Sikuelewa, nikamtazama Twaibah.

Twaibah akasema, “Hilo ni jina lako. Anakuita Aliyesema.”

Nimelifanya mbele ya kioo leo asubuhi, Baba, mara tatu, mpaka kiganja kikafunguka sawasawa.

Nisalimie Mama, umwambie asinichinjie kuku, mboga zinatosha. Wasalimie majirani wote wa Malukhu walionisalimia kwenye simu, na mzee wa kanisa, na shangazi wa Bungoma. Twaibah usimwache aondoke bila chai. Mungu aulinde mgongo wako na akulinde wewe mpaka tutakapoonana Jumamosi jioni, akipenda.

Ni mimi bintiyo anayekuheshimu,

Nangila